Kata ya Reli isiyo na treni

Manispaa ya Mtwara-Mikindani ina kata iitwayo Reli. Mgeni anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza huuliza stesheni iko upande gani, na mwenyeji hulazimika kumweleza kwamba stesheni haipo, reli haipo, wala garimoshi halijapita huko kwa zaidi ya miaka 60. Kilichobaki ni jina. Watoto wanaokulia Ziwani, Madimba na Msimbati wanaijua mitumbwi, wanaijua mikoko ya mlango wa Mto Ruvuma, na siku hizi wanaijua pia mitambo ya gesi. Lakini kichwa cha treni wengi wao wamekiona kwenye simu tu.

Huenda msomaji akashangaa, basi, kwamba ukurasa wa familia juma hili unazungumzia burudani ya kufuatilia treni za mizigo na kuvipiga picha vichwa vyake. Jambo hili limechaguliwa makusudi. Sisi watu wa kusini tunajua, pengine kuliko ndugu zetu wa Morogoro na Tabora, ni nini hutokea treni inapoondoka na hakuna aliyeiwekea kumbukumbu.

Burudani yenyewe ina umri mkubwa. Nchini Uingereza, mwaka 1942, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi za shirika la reli la Southern jijini London, jina lake Ian Allan, alichoshwa na barua za watu waliokuwa wakiulizia habari za vichwa vya treni. Akapendekeza kichapishwe kijitabu chenye namba na aina ya kila kichwa. Wakubwa wake hawakuona faida ya jambo hilo, naye akakichapisha kwa juhudi zake mwenyewe. Watoto walikigombania. Walisimama kwenye majukwaa ya stesheni wakiwa na penseli mkononi, wakiweka alama mbele ya kila namba waliyoiona kwa macho yao. Baadhi yao walizidisha, wakaingia kwenye njia za reli na kujihatarisha. Ndipo Allan alipoanzisha klabu ambayo kila mwanachama wake aliahidi kutokukanyaga mahali asiporuhusiwa. Wengi wa watoto wale walikua, wakaoa, wakapata wajukuu, na kamera ikachukua nafasi ya penseli. Hawakuacha kusimama kando ya reli.

Kwa nini treni za mizigo, na si zile za abiria zenye mapazia na viti vizuri? Treni ya abiria ina ratiba, na kila mtu huiona. Treni ya mizigo haina anayeipungia mkono. Hupita usiku wa manane, husimama kando kuipisha ya abiria, na aghalabu huvutwa na kichwa kilichochoka, chenye rangi iliyobabuka na namba iliyopakwa upya mara kadhaa. Lakini ndiyo inayobeba nchi. Mwenye subira ya kuhesabu mabehewa atajua wapi saruji inakwenda, mbolea imewasili lini, shaba ya Zambia inashuka kwa wingi au kwa uchache, na mafuta yanapanda bara kwa kiasi gani. Kijana anayeyaandika hayo kwenye daftari kwa mwaka mmoja anakuwa amejifunza jiografia na uchumi pasi na kuambiwa afungue kitabu.

Sasa turudi kusini. Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kupikia. Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, aliishawishi serikali yake kwamba karanga zingeweza kulimwa Tanganyika katika mashamba makubwa yasiyo na mfano. Zikachaguliwa sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ekari zilizokusudiwa zilizidi milioni 3. Matrekta hayakutosha, hata vifaru vya vita aina ya Sherman vikabadilishwa ili vifanye kazi ya shambani. Na kwa kuwa mzigo wa Nachingwea ulihitaji njia ya kufika baharini, ikaamuliwa kwamba kusini kujengwe reli, nayo reli ipate bandari.

Kwanza ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ambako maji hayakuwa na kina cha kutosha kwa meli kubwa. Kufikia mwaka 1949 garimoshi lilikuwa likienda Nachingwea. Wahandisi wakaichagua Mtwara, ambayo wakati huo ilikuwa kitongoji kidogo kando ya mji mkongwe wa Mikindani, kwa sababu ghuba yake ina kina kirefu cha asili. Reli ikavutwa kutoka Mtwara hadi kuungana na ile ya awali mahali paitwapo Ruo, na mwaka 1954 bandari mpya ikafunguliwa. Baadaye tawi likafika Masasi. Geji yake ilikuwa ya mita 1, sawa na ile ya Reli ya Kati, na mwendeshaji wake alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika.

Msomaji makini atakuwa ameiona kasoro katika miaka hiyo. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, ilhali mpango wa karanga ulikwisha kufutwa Januari 1951, baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza. Mvua hazikutabirika, ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu mithili ya tofali, mashine zilivunjika kwa kasi kuliko zilivyotengenezwa. Reli ya kusini ilikamilishwa kuuhudumia mzigo ambao haungekuja kamwe. Kwa miaka michache ikabeba kilichokuwepo, ikiwamo korosho na mazao mengine ya wakulima, lakini hesabu zake hazikukubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi tu baada ya Uhuru, ikafungwa, na vyuma vikang'olewa.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1955, akipakia magunia kwenye mabehewa pale Mtwara, leo ana miaka 90 hivi. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Katika nyumba ninazozijua, kuanzia mjini hadi Ziwani, nimeonyeshwa picha za harusi, picha za maulidi, picha za mahujaji wakiwa na mizigo yao ya kurudia, na hata picha ya baiskeli mpya iliyopigwa kwa heshima kubwa. Sijaonyeshwa hata moja ya treni. Wakati ule kamera ilikuwa ya wachache, na hata aliyekuwa nayo hakuona sababu ya kuharibu filamu kwa kupiga injini yenye masizi. Nani angedhani kwamba lile dude zito la chuma lingeondoka kabla ya watu walioliona likifika?

Mtoto wa dada yangu, anayesoma darasa la sita, alimfuata mzee mmoja baada ya sala ya Alasiri kibarazani kwa msikiti. "Shikamoo, babu. Treni ilikuwa inapita wapi?" Mzee akaitikia marahaba, akachukua bakora yake na kuchora mstari mchangani. "Hapa bandari. Hapa inapinda. Hapa inapanda kwenda Ruo." Kijana akatoa simu akaupiga picha ule mstari. Nadhani alifanya jambo la maana. Ndiyo ramani pekee ya reli ya kusini iliyochorwa kwa mkono wa mtu aliyeiona ambayo ukoo wetu unayo.

Wapo watakaouliza, na ni swali la haki kwa wasomaji wa gazeti hili: je, upigaji picha wenyewe hauna mgogoro katika dini? Wanazuoni wamelizungumzia jambo hili tangu kamera ilipoingia katika miji ya Waislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliandika risala akieleza kwamba picha ya kamera si sawa na kuchonga au kuchora, kwani kamera huzuia kivuli cha kile ambacho Allah amekwisha kukiumba. Wengine, miongoni mwao wanazuoni wakubwa wa Saudi Arabia wa karne iliyopita, walishikilia msimamo mkali zaidi kuhusu picha za viumbe wenye roho, isipokuwa pale penye haja. Ikhtilafu hiyo ni pana na wasomaji wengi wamekwisha chagua wanamfuata nani. Lakini kwa vitu visivyo na roho jambo ni jepesi mno. Inasimuliwa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba alimwelekeza mtu ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza picha ajielekeze kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kichwa cha treni, hata kingunguruma namna gani, hakina roho. Mzazi ambaye hapendi nyumba yake ijae picha za sura za watu atakuta hapa uwanja mpana ambamo mwanawe anaweza kujifunza ufundi wa mwanga, umbali na subira bila kuingia katika shaka yoyote.

Tena Waislamu si wageni wa kamera wala wa reli. Muhammad Sadiq Bey, ofisa na mhandisi wa jeshi la Misri, aliipiga picha Madina mwaka 1861, wakati chombo hicho kikiwa bado kipya duniani, na karibu miaka 20 baadaye akaipiga picha Makka pia. Sultani Abdulhamid II wa dola ya Uthmaniya alizitumia picha kama macho yake: aliagiza zipigwe shule, hospitali, bandari, viwanda na kambi za majeshi katika himaya yake yote, na mwaka 1893 akazituma albamu nyingi kwa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako zimehifadhiwa hadi sasa. Ni sultani huyo huyo aliyeamuru mwaka 1900 ijengwe Reli ya Hijaz, kutoka Damascus kwenda Madina, ili kuwapunguzia mahujaji safari ya ngamia iliyochukua takribani siku 40. Waislamu wa India, Misri na kwingineko walichangia fedha zao. Garimoshi likafika Madina mwaka 1908.

Miaka kumi haikupita kabla ya vita kuikata reli ile vipande. Baada ya hapo sehemu ya kusini, iliyo ndani ya Saudi Arabia ya leo, haikupata kurudi katika kazi yake. Vichwa na mabehewa viliachwa jangwani, vingine vikiwa vimelala ubavu, na kwa kuwa hewa ya kule ni kavu havikuliwa na kutu kwa haraka. Kwa miongo mingi wapiga picha wamekuwa wakisafiri kuvitafuta. Stesheni ya Madina imegeuzwa makumbusho, na Madain Salih kuna karakana iliyokarabatiwa ambamo kichwa cha zamani kimehifadhiwa. Hujaji wa leo anayepanda treni ya kasi ya Haramain, iliyozinduliwa mwaka 2018 kati ya Makka na Madina, akipata nafasi ya kuitembelea stesheni ile ya zamani, basi asiikose. Ajabu ni kwamba reli iliyokufa jangwani ina picha nyingi, na ya kwetu iliyokufa kwenye kijani cha mikorosho haina.

Tofauti mara nyingi huletwa na mtu mmoja tu aliyetambua kwamba jambo linakaribia mwisho. Huko Marekani alikuwapo O. Winston Link, mpiga picha wa matangazo ya biashara kutoka New York. Mwaka 1955 aligundua kwamba kampuni ya reli ya Norfolk and Western ilikuwa miongoni mwa za mwisho kubwa nchini humo kutumia vichwa vya mvuke. Kwa miaka mitano alisafiri kwenda Virginia na majimbo jirani, akifunga nyaya na taa nyingi kando ya reli ili kuzipiga treni usiku, kwa sababu, kama alivyopenda kueleza, jua haliwezi kuhamishwa lakini taa zaweza. Alirekodi na sauti zake. Mwaka 1960 mvuke ulikoma, naye akawa amemaliza kazi.

Karibu nasi zaidi, Nairobi ina Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo wamehifadhiwa majitu mawili ya mvuke ya daraja la 59. Yalikuwa 34, yote yakitengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani zipatazo 250, vikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Hakuna vichwa vya mvuke vya geji ya mita 1 vilivyopata kuwa na nguvu kuliko hivyo. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Viwili vilivyosalia ni namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena; na msomaji wa Tanzania afurahi kidogo, kwani Gelai uko karibu na Ziwa Natron na Shengena uko kwenye Milima ya Upare. Milima mingine 32 imebaki kwenye orodha na kwenye picha za watu waliosimama kando ya reli huko Voi na Mtito Andei bila kutumwa na mtu.

Je, familia ya Mtwara ifanyeje, ikiwa treni ya karibu iko mamia ya kilomita? Nakiri kwamba si burudani ya kila Jumamosi. Lakini safari za Dar es Salaam zipo: za harusi, za hospitali, za kumpeleka mtoto chuo. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kivuko cha Rufiji kuachwa, safari hiyo huisha kwa siku moja. Saa mbili za ziada zikitengwa, Dar es Salaam ina jambo ambalo miji mingi ya Afrika haina, nalo ni reli tatu za geji tatu tofauti. Ipo ya mita 1, ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914. Ipo ya TAZARA, yenye geji ya milimita 1,067, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Na ipo ya kisasa, ya milimita 1,435, inayotumia umeme, ambayo iliwafikisha abiria Dodoma mwaka 2024. Kichwa cha moja hakiwezi kukanyaga reli ya nyingine. Mwambie mtoto apime kwa hatua, kutoka kwenye jukwaa, aseme ipi ni ipi. Hilo pekee litamchukua asubuhi nzima.

Kwa wale wenye ndugu upande wa Songea na Njombe, ipo njia nyingine. Barabara ya Masasi, Tunduru na Songea hatimaye hukufikisha Makambako, ambako TAZARA hupita kwenye baridi ya nyanda za juu. Huko treni ya mizigo ikipanda utaisikia kabla hujaiona. Reli hii iwekewe kumbukumbu mapema. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya China ya CCECC makubaliano ya kuifufua kwa dola za Marekani bilioni 1.4. Ni habari njema, Alhamdulillah, na maana yake nyingine ni kwamba vichwa vikongwe vinavyovuta shaba leo siku zake zinahesabika. Tumeshawahi kuona huku kwetu jinsi vyuma vinavyoondoka kimyakimya.

Simu ya kawaida yatosha. Jua liwe nyuma ya mpiga picha, na asubuhi ni bora kuliko mchana, kwani saa sita mwanga wetu wa pwani hushuka wima na kukifanya kichwa chote kuwa giza chini. Usivute picha kwa vidole hadi ikawa madoadoa. Subiri, treni itakuja yenyewe. Ipige mara moja ikiwa mbali, pamoja na ardhi inayopita, kisha mara nyingine kwa ubavu ili namba isomeke. Picha ya kichwa bila namba ni kama cheti cha kuzaliwa kisicho na jina. Halafu funga simu, uhesabu mabehewa kwa mdomo, uandike: siku, saa, mahali, namba, idadi, aina ya mzigo.

Hapa wazazi wanisikilize vizuri. Treni ya mizigo iliyojaa huhitaji kilomita nzima au zaidi kusimama, na dereva akikuona hana uwezo wa kukwepa. Hakuna picha inayopigwa ukiwa katikati ya mataruma, wala ya kujipiga mwenyewe huku treni ikija nyuma. Mtindo huo umeua vijana katika nchi nyingi. Reli ya umeme ina waya wenye volti 25,000 juu yake. Mti mrefu wa kushikia simu, kishada cha watoto au chochote kinachoinuliwa karibu na waya huo ni mauti. Stesheni, madaraja na bandari ni mahali penye ulinzi. Mwende mkiwa familia, mjitambulishe kwa mkuu wa stesheni, muombe ruhusa, na mkiambiwa hapana mshukuru na kuondoka. Barabara ya wazi iliyo mbali kidogo na reli haimnyimi mtu nafasi. Ndege zisizo na rubani zina vibali vyake na si za kuchezea mahali kama hapo.

Mtu akiwamo kwenye picha, dereva au mpanga mizigo, aulizwe kwanza. Wengi hufurahi. Wanaofanya kazi kwenye treni za mizigo wamezoea kupitwa na macho ya watu, na kijana anayewasalimu kwa adabu, akawauliza kichwa chao kina umri gani, hujibiwa zaidi ya alichouliza. Binti zetu nao wana haki ya burudani hii wakiwa na wazazi wao au kaka zao. Kuhesabu mabehewa na kusoma namba hakuchagui mvulana.

Sitamshawishi mtu aufanye mchezo huu kuwa mkubwa kuliko unavyostahiki. Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha kuhusu afya na nafasi, neema mbili ambazo wengi hupata hasara kwazo, na kijana anayeikosa Adhuhuri kwa kusubiri treni iliyochelewa Morogoro ametumia vibaya vyote viwili. Kuchelewa, kwa bahati, ni tabia ya treni za mizigo duniani kote. Sali kwanza, utaikuta bado haijafika.

Na wale wasio na safari yoyote mwaka huu wanayo kazi hapa hapa. Mradi wa reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, wenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, umetajwa kwa miaka mingi. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanafika bandarini Mtwara kwa malori, na kila anayekaa kando ya barabara kuu anajua vumbi lake na ngurumo yake usiku. Ni mzigo ambao kwingine ungevutwa na kichwa kimoja chenye mabehewa 20 nyuma yake. Mwenye kuyapiga picha malori hayo sasa, kwa tarehe na mahali, anatunza sura ya kipindi ambacho nacho kitapita, reli ikija au isipokuja.

Kazi ya haraka zaidi, hata hivyo, iko kwenye masanduku ya chini ya vitanda. Waulizeni wazee: alikuwapo nani katika ukoo aliyefanya kazi relini au bandarini kati ya mwaka 1949 na miaka ya mwanzo ya 1960? Je, kuna kitambulisho cha kazi, stakabadhi ya mshahara, tiketi, kipande cha chuma chenye maandishi, barua? Pembezoni mwa picha ya harusi ya zamani pengine kuna ukuta wa stesheni nyuma ya bwana harusi. Msiipeleke picha hiyo kwa mtu wa kuisafisha kabla ya kuipiga nakala kwa simu, juani lakini kivulini, ikiwa imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Msiibandike kwa gundi. Nyuma yake andikeni kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino inayopenya, na msiandike "treni, Mtwara" tu. Andikeni jina la aliyesimama kushoto na la aliyesimama kulia, kazi ya kila mmoja, alitoka kijiji gani, mwaka kama unajulikana, na jina la aliyewaeleza hayo pamoja na siku aliyowaeleza.